Mwalimu wa tuisheni ya kemia: anavyotafutwa, anavyopimwa

Kemia, pamoja na hisabati na fizikia, ni somo ambalo familia nyingi za Tanzania hulitafutia mwalimu wa ziada. Sababu si ngumu kuiona. Michepuo ya sayansi inayogombewa kidato cha tano, yaani PCM, PCB na CBG, yote imebeba kemia ndani yake. Anayetaka kusomea udaktari, ufamasia au uhandisi wa kemikali hana njia ya kuikwepa. Katika mtihani wa kidato cha nne unaosimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, gredi ya D huanzia alama 30 na gredi ya C huanzia alama 45. D ni kufaulu kwenye cheti, lakini mchepuo wa sayansi kwa kawaida hudai C kwenda juu. Kwa hiyo alama hizo 15, kutoka 30 hadi 45, ndizo wazazi wengi wanazozinunua wanapomlipa mwalimu wa tuisheni, hata kama hakuna anayelisema jambo hilo waziwazi.

Wengi huanza kutafuta wakiwa wamechelewa. Simu kwa walimu huanza kupigwa baada ya matokeo ya moko, yaani mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, wakati mtihani wa taifa wa Novemba umeshakaribia. Kwa muhtasari uliotumika tangu 2005, muundo wa atomi, jedwali la elementi, fomula na muungano wa elementi hufundishwa kidato cha pili. Dhana ya moli, titresheni na elektrolisisi huja kidato cha tatu. Kidato cha nne hubakiwa na elementi zisizo metali, kemia ogania, udongo na uchafuzi wa mazingira. Mwanafunzi anayeanguka moko, mara nyingi, hakuangushwa na kemia ogania. Ameangushwa na deni la miaka miwili nyuma, na deni la namna hiyo halilipwi kwa wiki sita za kukimbizana na maswali. Mtaala mpya uliotolewa 2023 unaingia madarasani hatua kwa hatua, hivyo mwalimu anayetafutiwa mwanafunzi wa madarasa ya chini aulizwe kwanza anatumia muhtasari upi. Wapo ambao bado wanafundishia madaftari waliyoyaandika wao wenyewe wakiwa shuleni.

Ugumu wa kemia umechunguzwa na wataalamu kwa miaka mingi. Alex Johnstone, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Glasgow huko Uskoti, alieleza katika makala yake ya 1991 kwamba somo hili humtaka mwanafunzi afikiri katika ngazi tatu kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni ile inayoonekana kwa macho: msumari unashika kutu, magadi yanatoa povu yakikutana na maji ya limao. Ya pili haionekani: atomi, ayoni na molekuli zinaachana na kushikana upya. Ya tatu ni ya alama: fomula, milinganyo na namba. Mwanakemia aliyebobea huruka kutoka ngazi moja kwenda nyingine bila kujua kwamba anaruka. Mwalimu ubaoni hufanya vivyo hivyo. Anaandika Na₂CO₃, anataja unga mweupe ulio kwenye chupa, anazungumzia ayoni zinazoelea majini, na mwanafunzi aliyekaa nyuma hatambui kwamba amesikia mambo matatu. Ndiyo maana mwanafunzi anaweza kusawazisha mlinganyo vizuri kabisa bila kujua mlinganyo huo unaeleza nini.

Mwalimu mzuri wa kemia, awe wa darasani au wa nyumbani, hutambulika kwa jambo hili kuliko jingine lolote: hupanda na kushuka ngazi hizo polepole, na kila mara humjulisha mwanafunzi kwamba wako kwenye ngazi ipi. Sifa nyingine zote, shahada, umaarufu, kasi ya kuandika, zinakuja baada ya hapo.

Tanzania ina ngazi ya nne, nayo ni lugha. Mtoto aliyetoka shule ya msingi ya serikali amesoma sayansi kwa Kiswahili miaka saba, kisha kidato cha kwanza anakutana na kemia kwa Kiingereza. Makosa mengi yanayoonekana kuwa ya kemia yanaanzia kwenye sentensi. Swali linalotaka sababu ya tukio hujibiwa kwa kuorodhesha hatua za jaribio, kwa kuwa kitenzi cha swali hakikueleweka. Hapa walimu wa tuisheni hukosea kwa namna mbili zinazopingana. Wako wanaofundisha Kiingereza mwanzo hadi mwisho, hasa mzazi akiwa sebuleni anasikiliza, na mtoto anaitikia kwa kichwa. Wako pia wanaofundisha Kiswahili kitupu. Kipindi kinanoga, kila kitu kinaeleweka, na siku ya mtihani mtoto anajua jibu asiweze kuliandika. Anayefaa hueleza kwa Kiswahili mpaka dhana iingie, kisha humtaka mwanafunzi aandike jibu lile lile kwa Kiingereza, kwa sentensi kamili, na humsahihishia papo hapo. Kazi hiyo inachosha, na wachache wana subira nayo.

Kabla ya mtu kutafutwa, inafaa tatizo lenyewe litafutwe. Karatasi za majaribio mawili au matatu ya mwisho, zile zilizosahihishwa, hueleza mengi kuliko ripoti ya muhula. Mwanafunzi aliyekosa kila swali lenye hesabu huenda shida yake ni uwiano na kugeuza kanuni, si kemia. Asiyejua kupata m kutoka kwenye kanuni ya moli, n = m/M, atasaidiwa zaidi na mwalimu wa hisabati, na mara nyingi kwa gharama ndogo. Aliyekosa maswali ya maelezo huenda shida yake ni ile ya lugha. Aliyepata sifuri kwenye mada tatu mfululizo pengine hakufundishwa kabisa. Shule nyingi zimewahi kukaa muhula mzima bila mwalimu wa kemia. Na yuko mwanafunzi anayerudi nyumbani jioni, anateka maji, anapika, anafungua daftari saa nne usiku. Huyo hahitaji mwalimu wa pili. Anahitaji saa moja na nusu ya utulivu na meza.

Walimu wenyewe hutoka sehemu kadhaa, na kila kundi lina faida na dosari zake. Mwalimu aliyeajiriwa shuleni anajua muhtasari, anajua makosa ya kila mwaka, na akiwa amewahi kukaa kwenye jopo la usahihishaji wa mitihani ya taifa anajua pia alama zinavyotolewa hatua kwa hatua. Dosari yake ni uchovu. Saa kumi na mbili jioni amekwishafundisha vipindi vingi. Kuna pia dosari nzito zaidi: mwalimu anayewauzia tuisheni wanafunzi wa darasa lake mwenyewe ana sababu ya kuacha nusu ya somo nje ya kipindi cha asubuhi. Si wote wanaofanya hivyo, lakini mpango huo ni mbaya hata kwa mwalimu mwaminifu, na mzazi afadhali amtafute wa shule nyingine. Nchini Kenya suala la masomo ya ziada liliingia hadi kwenye sheria. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza wanafunzi kuwekwa kwenye tuisheni wakati wa likizo.

Kundi la pili ni wahitimu wa ualimu wa sayansi wanaosubiri ajira. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na vyuo vikuu vyake vishiriki vya elimu, DUCE kilichoko Chang'ombe na MUCE cha Iringa, Chuo Kikuu cha Dodoma, pamoja na vyuo vya ualimu kama Kleruu, hutoa walimu wa kemia kila mwaka, na si wote wanaopangiwa vituo mara moja. Hawa wamefundishwa kufundisha, wamefanya mazoezi ya kufundisha darasani, na bado wana nguvu. Kwa familia ya kipato cha kati hapa ndipo pa kuanzia.

Wanafunzi wa udaktari na uhandisi wanaijua kemia kwa kina na hupendwa sana na wazazi, kwa kuwa mtoto huona mbele yake mtu aliyefika. Huwafaa zaidi wanafunzi wa kidato cha tano na sita. Kwa mtoto wa kidato cha pili anayeshindwa kutofautisha atomi na molekuli, mara nyingi hawafai, kwa sababu wao hawakuwahi kushindwa hapo na hawajui pa kushika. Waliomaliza kidato cha sita Mei na wanasubiri chuo hupatikana kwa bei nafuu, lakini wakishafungua chuo hupotea. Wastaafu wana subira kuliko wote, na wengi wao ni mabingwa wa titresheni. Waulizwe tu kuhusu muhtasari.

Vituo vya tuisheni ni habari nyingine. Darasa la kituo linaweza kuwa na wanafunzi wengi kuliko lile la shule, mabenchi yamebanana, mwalimu ana kipaza sauti na vichekesho vyake, na ubao umejaa. Mark Bray, aliyeandika kitabu kuhusu elimu ya kivuli, yaani tuisheni, kilichochapishwa na UNESCO 1999, alionyesha kwamba tuisheni duniani kote huiga shule: shule ikibadilika, nayo hubadilika. Kituo chenye umati huiga hata udhaifu wa shule. Mwaka 1984 mtaalamu wa elimu Benjamin Bloom wa Marekani alidai kwamba mwanafunzi anayefundishwa peke yake humwacha mbali sana yule wa darasa la kawaida. Tafiti za baadaye zimekuta faida ndogo kuliko aliyoitaja Bloom, lakini faida ipo, na chanzo chake kinajulikana: mwalimu analiona kosa likitokea na kulisahihisha kabla halijaota mizizi. Kwenye benchi la watu wengi faida hiyo haipo. Kituo kinaweza kumsaidia mwanafunzi anayeelewa na anayetaka mazoezi zaidi. Aliyepotea ataendelea kupotea akiwa katikati ya wenzake.

Njia bora ya kumpata mwalimu bado ni kuulizia. Wa kwanza kuulizwa ni mwalimu wa kemia wa shule ya mtoto, ambaye anajua mtoto anakwama wapi na mara nyingi anamjua mwenzake anayefaa. Wa pili ni wazazi wengine, na hapo inafaa kuchagua wa kuuliza. Mzazi wa mtoto aliyepata A si shahidi mzuri. Huenda mtoto huyo angeipata A bila msaada wa mtu. Shahidi wa maana ni mzazi ambaye mtoto wake alitoka F akafika C, na ambaye anaweza kueleza ilichukua muda gani. Matangazo yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme na yale yanayozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp si lazima yawe ya uongo, lakini tangazo halina mtu wa kulidhamini. Anayepatikana kwa njia hiyo atoe kitambulisho, vyeti, na majina ya watu wawili waliowahi kumtumia, na watu hao wapigiwe simu kweli. Wazazi wengi huomba namba hizo halafu wasizipige.

Baada ya hapo kinafuata kipindi cha majaribio, ambacho ndicho chenye uzito kuliko vyeti vyote. Mzazi asiyejua kemia hudhani hana uwezo wa kumpima mwalimu. Anao, akijua asikilize nini.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha tofauti. Mwanafunzi anaambiwa asawazishe mlinganyo wa hidrojeni na oksijeni kutengeneza maji. Upande wa kushoto kuna atomi mbili za oksijeni, kulia kuna moja. Mwanafunzi aliyechanganyikiwa huongeza namba ndogo: anaandika H₂O₂, na sasa hesabu zinalingana. Mwalimu wa kukaririsha husema hairuhusiwi kugusa namba ndogo, weka namba mbele, endelea na swali la pili. Mwalimu anayejua kazi yake husimama hapo. Anaeleza kwamba H₂O₂ ni kitu halisi, kinauzwa famasi, huoshea vidonda na hubadilisha rangi ya nywele. Kwa kubadilisha namba ndogo mwanafunzi hakusawazisha maji, ametengeneza kitu kingine ambacho hakinyweki. Kisha anachora molekuli, viduara vya hidrojeni na vya oksijeni, mwanafunzi azihesabu mwenyewe mpaka afike kwenye 2H₂ + O₂ → 2H₂O. Dakika kumi zimekwenda kwenye mlinganyo mmoja. Mzazi anayeona huo ni upotevu wa muda wa kulipia atakuwa amemfukuza mwalimu mzuri.

Swali la pili la kupimia linahusu moli, mahali ambapo kemia huwaacha wengi. Gramu 4 za hidroksidi ya sodiamu na gramu 4 za gesi ya hidrojeni zina uzito sawa. Je, zina idadi sawa ya chembe? Jibu ni hapana. Moli moja ya hidroksidi ya sodiamu ina gramu 40, kwa hiyo gramu 4 ni sehemu ya kumi ya moli. Moli moja ya gesi ya hidrojeni ina gramu 2, kwa hiyo gramu 4 ni moli mbili. Chembe za hidrojeni ni mara ishirini zaidi. Kinachoangaliwa hapa ni njia atakayopita mwalimu kumfikisha mtoto kwenye jibu. Akianza na kanuni, kisha kuingiza namba, kisha kupiga kikokotoo, amefundisha hesabu. Akianza kwa kueleza kwamba moli ni hesabu ya idadi, kama vile dazani ilivyo hesabu ya mayai, ila idadi yake ni kubwa mno, 6.02 × 10²³, na kwamba dazani ya mayai ya kuku na dazani ya mayai ya kware hazilingani uzito, amefundisha kemia, na kanuni itakuja yenyewe baadaye.

Kwa mwanafunzi wa kidato cha nne au zaidi swali linaweza kuwa la titresheni: kwa nini asidi hidrokloriki ikipimwa dhidi ya kaboneti ya sodiamu kiashiria kinachotumika ni methyl orange? Mwalimu dhaifu atajibu kwamba ndivyo ilivyo kwenye vitabu. Mwenye kujua ataeleza kwamba phenolphthalein hupoteza rangi yake mapema, kaboneti inapogeuka kuwa bikaboneti, yaani nusu ya safari, na kwamba mwanafunzi akiitumia kwa kutojua atasoma nusu tu ya asidi inayotakiwa na hesabu yote itaharibika.

Kuliko majibu yote hayo, litazamwe jambo moja: mwalimu hufanya nini mtoto anapokosea. Anayelisema jibu sahihi haraka anafundisha kwa ajili ya kumaliza mada. Anayemcheka hafai hata kwa bure. Anayeuliza "umefikaje hapo?" na kunyamaza kusubiri jibu ndiye wa kuajiriwa, hata akiwa na cheti cha stashahada tu. Na ikitokea mwalimu akasema hajui, ataangalia na kurudi na jibu kipindi kijacho, hiyo ihesabiwe kuwa sifa.

Upande wa vitendo ndio tuisheni ya mezani huuacha wazi zaidi. Mtihani wa taifa una karatasi ya nadharia na karatasi ya vitendo, na ile ya vitendo huwapa alama za uhakika waliowahi kushika vifaa. Wasiowahi hupoteza alama kwa mambo yasiyohusu akili: kusoma bureti kwa kuinama, kuandika 24.5 mahali pa 24.50, kuingiza jaribio la kwanza la kukadiria kwenye wastani. Katika uchambuzi wa chumvi, wengi wamekariri jedwali zima, chumvi ya shaba hutoa mashapo ya buluu, ya chuma hutoa ya kijani au ya kahawia, lakini mbele ya testyubu hawajui kama wanachokiona ni kijani au ni buluu iliyofifia. Jicho halifundishwi kwa notsi. Mwalimu mzuri hulikiri hilo na hutafuta njia: huomba shule iwafungulie maabara Jumamosi chini ya mwalimu wa zamu, au hushirikiana na mwalimu mwenye maabara.

Asichopaswa kufanya ni kubeba chupa za asidi kali kwenye mkoba na kuzileta sebuleni. Kemikali hizo zinasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya sheria ya 2003 ya kemikali za viwandani na majumbani, na sheria kando, nyumba haina bomba la dharura wala hewa ya kutosha. Jikoni kuna kemia ya kutosha isiyo na hatari. Juisi ya rosela isiyotiwa sukari hubaki nyekundu ikitiwa limao na hugeuka kuelekea buluu au kijani ikitiwa magadi. Ni kiashiria kamili cha asidi na besi kwa bei ya kikombe cha rosela. Kipande cha jiwe la matumbawe kikidondoshewa siki hutoa mapovu ya kaboni dayoksaidi. Mwalimu anayeanzia hapo kisha akaandika fomula amezigusa ngazi zote tatu za Johnstone bila kununua kitu.

Karibu kila mwalimu wa tuisheni hufundishia maswali ya mitihani iliyopita, na kwa kiasi fulani ni sawa. Ubaya huanza pale pasti pepa zinapochukua nafasi ya somo, mwanafunzi akawa hodari wa kutambua swali na si wa kulifikiri; likigeuzwa kidogo anapotea. Njia yenye faida zaidi haijulikani sana kwa wazazi. NECTA huchapisha kila mwaka taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, zikiwa na mifano ya majibu mazuri na mabaya na maelezo ya kwa nini watahiniwa walikosea. Mwalimu wa kemia aulizwe kama amesoma ya mwaka uliopita. Swali hilo moja huwatenganisha walimu haraka kuliko usaili wa saa nzima. Kuna pia fomati ya mtihani, nayo hutolewa na Baraza, na ni jambo la kushangaza kwamba wako wanaofundisha wanafunzi wa kidato cha nne bila kuwa nayo. Anayejigamba kwamba anajua maswali yatakayotoka, au kwamba ana mtu ndani, aondoke siku hiyo hiyo; akiwa mwongo amekula fedha, na akiwa mkweli atamponza mtoto afutiwe matokeo.

Mapatano yafanywe kabla ya kipindi cha pili, na yaandikwe japo kwenye ujumbe wa simu: siku zipi, saa ngapi, kiasi gani kwa kipindi au kwa mwezi, nauli inalipwa na nani, mtoto akiugua inakuwaje, mwalimu asipotokea inakuwaje. Bei hutofautiana sana kati ya miji na hata kati ya mitaa ya mji mmoja, hivyo anayetaka kujua kama ametajiwa bei ya haki aulize familia tatu za jirani. Kulipa muhula mzima mbele si busara. Kulipa mwisho wa mwezi, au kila baada ya vipindi vinne, kunatosha. Vipindi viwili kwa wiki vya saa moja na nusu vinamfaa mwanafunzi wa kawaida wa sekondari, mradi kati ya kipindi na kipindi akae peke yake na maswali aliyoachiwa. Siku tano kwa wiki humchosha na kumzoesha kutofikiri mpaka mwalimu afike.

Usalama wa mtoto si jambo la kuonea haya. Masomo yafanyike mahali pa wazi nyumbani, sebuleni au barazani, mtu mzima akiwepo. Si chumbani, si nyumbani kwa mwalimu, na si usiku wa manane. Mawasiliano ya simu kati ya mwalimu na mwanafunzi yapite kwa mzazi au kwenye kundi ambalo mzazi yumo. Mwalimu mwenye nia njema hapingi masharti hayo, kwani yanamlinda na yeye. Mtoto akibadilika ghafla, akaanza kukwepa vipindi bila sababu inayoeleweka, asikilizwe kwanza kabla ya kulaumiwa kwa uvivu. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bure, na vituo vya polisi vina madawati ya jinsia na watoto.

Matokeo yapimwe, na yasipimwe kwa namna mtoto anavyompenda mwalimu. Baada ya wiki sita hivi mwanafunzi apewe swali la mada waliyoisoma mwanzoni na alifafanue kwa mzazi, kwa Kiswahili, bila daftari. Akiweza kueleza kwa nini gramu nne za vitu viwili hazina chembe sawa, fedha inafanya kazi hata kama jaribio la shule bado limempa 38. Akisema tu kwamba mwalimu anafundisha vizuri sana, ila swali lenyewe hakumbuki, mwalimu abadilishwe mapema. Na mwalimu mzuri, baada ya muhula mmoja au miwili, hupunguza vipindi mwenyewe. Anayesisitiza kwamba mtoto hawezi kuendelea bila yeye anazungumzia kipato chake.

Kwa familia isiyomudu mwalimu wa peke yake, wanafunzi watatu au wanne wa kiwango kinachokaribiana wanaweza kuchangia mmoja. Faida hupungua kidogo tu, na wakati mwingine huongezeka, kwa sababu anayemweleza mwenzake hulazimika kuelewa. Wasiwe kumi. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinasomeka kwenye maktaba yake ya mtandaoni, na taarifa za uchambuzi wa majibu ziko kwenye tovuti ya NECTA, bila malipo kwa yeyote mwenye simu na bando. Mzazi asiyezielewa amwombe mtoto amsomee na amtafsirie ukurasa mmoja mmoja, na wafanye hivyo kabla ya kumlipa mtu yeyote.